Mvinyo mweupe wa 2009 wenye rangi ya kaharabu: nimwage au ninywe?

Swali: *Shemeji yangu anafanya kazi Trieste, Italia. Aliporudi likizo mwaka juzi aliniletea chupa ndogo ya nusu lita, imeandikwa Radikon, Ribolla, 2009. Akasema ni mvinyo mweupe wa asili, wa bei, nisubiri sikukuu. Juzi nimeitoa kabatini nikaimulika kwa tochi ya simu: rangi ni ya kaharabu inayoelekea kahawia, na chini kuna mashapo. Rafiki yangu anayeuza vinywaji Kariakoo anasema mvinyo mweupe hauvuki miaka mitatu, nimwage tu. Je, umeharibika? Kama bado mzima, unanywewaje? Na mjomba wangu mwenye ekari moja ya Chenin Blanc kule Hombolo, Dodoma, anauliza kama na yeye anaweza kutengeneza wa namna hiyo.* Msomaji, Dar es Salaam.

Jibu:

Usiumwage, dada. Rafiki yako yuko sahihi kwa mvinyo anaouuza yeye, maana mvinyo mweupe mwingi unaofika madukani kwetu umetengenezwa unywewe ungali mchanga, na ukishapita miaka mitatu unakuwa umechoka kweli. Wako ni wa ukoo mwingine. Rangi ya kaharabu ulikuwa nayo tangu siku ulipotiwa chupani, na kama ungeniambia Ribolla (ndilo jina la zabibu) ya Radikon (ndiyo familia inayoutengeneza) ya 2009 ni nyeupe kama maji, hapo ndipo ningeshtuka. Kinachonipa wasiwasi mimi ni kabati lako, na nitalifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu machicha. Mvinyo mweupe wa kawaida hutengenezwa hivi: zabibu zikifika kutoka shambani zinakamuliwa papo hapo, machicha, yaani maganda na kokwa, yanawekwa kando, na maji ya zabibu peke yake ndiyo yanayochachuka, mara nyingi kwenye tangi la chuma lililopozwa. Nyama ya zabibu karibu zote haina rangi. Hata zabibu nyeusi ukizikamua upesi zinatoa maji meupe, na sehemu kubwa ya Champagne hutengenezwa kwa zabibu za namna hiyo. Rangi, ukakasi na harufu nyingi vimo kwenye ganda. Mvinyo mwekundu umekuwa mwekundu kwa sababu maji yake yalichachuka pamoja na maganda. Sasa chukua zabibu nyeupe uzitendee vivyo hivyo, uache maganda ndani siku kadhaa, wiki au miezi: unapata kinywaji cha rangi ya chungwa au kaharabu, chenye ukakasi unaoshika ulimi na ufizi. Ni kama chai tu, ukiyatoa majani mapema inabaki nyepesi, ukiyasahau birikani unapata kinywaji kingine kabisa.

Muda wa kukaa na maganda ndio unaoamua tabia ya mvinyo. Saa chache zinaongeza harufu na basi. Afrika Kusini, ambayo tangu 2015 ina daraja rasmi la mvinyo mweupe wa maganda, inadai saa 96 kwa uchache. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilipoweka maelezo yake mwaka 2020 lilitaka mwezi mzima. Ribolla ya akina Radikon hukaa na maganda miezi mitatu hivi kwenye matangi makubwa ya mti wa mwaloni, halafu mvinyo wenyewe unakaa miaka mitatu na ushei kwenye mapipa makubwa, kisha chupa zinalazwa tena kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo siku chupa yako ilipotoka kwenye ghala lao, ilikuwa tayari imeshavuka ile miaka mitatu ya rafiki yako.

Mahali penyewe panaitwa Oslavia, kilima kidogo juu ya mji wa Gorizia, kaskazini mashariki mwa Italia, mpakani kabisa na Slovenia. Majina ya familia za hapo mengi ni ya Kislovenia. Vita Kuu ya Kwanza ilikifyeka kilima hicho. Leo kuna jengo la makaburi lenye mabaki ya askari zaidi ya 57,000, na mizabibu inaota karibu nalo. Wakulima wa zamani wa eneo hilo waliichachusha Ribolla pamoja na maganda yake kwa sababu ya kawaida sana: walitaka mvinyo ufike mavuno yanayofuata bila kugeuka siki. Desturi hiyo ilirudi nyuma kuanzia miaka ya 1960, pale Mario Schiopetto wa Capriva, kijiji cha jirani, alipoleta Friuli, jimbo lao, mbinu za Kijerumani za kutengeneza mvinyo mweupe safi, mwangavu, wenye harufu ya matunda. Ulikuwa mzuri na ukauzika. Kila mtu akamfuata.

Stanko Radikon ndiye aliyerudi kwenye maganda mwaka 1995, akikumbuka alivyofanya babu yake. Jirani yake Josko Gravner alifikia hapohapo kwa njia nyingine: mwaka 1996 mvua ya mawe iliharibu karibu mavuno yake yote, na kidogo kilichobaki akakitumia kujaribia maganda. Mwaka 2000 akaenda Georgia, kule Kaukasi, kujionea mitungi ya udongo inayofukiwa ardhini hadi shingoni, na kuanzia mavuno ya 2001 akahamishia mvinyo wake kwenye mitungi hiyo. Wageorgia hawakuwahi kuiacha. Katika jimbo la Kakheti maganda hukaa ndani ya mtungi miezi mitano au sita, na vigae vya udongo vilivyochimbuliwa nchini humo vina mabaki ya mvinyo wa takriban mwaka 6000 kabla ya Kristo. UNESCO iliuweka utaratibu wao kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Gravner alipoanza, waandishi waliokuwa wakimsifu walimgeuka, na wateja wengine wakarudisha chupa wakidhani zimeharibika. Unaona basi, dada, hofu yako imewahi kuwapata hata Wataliano wenyewe.

Kwa nini Ribolla na si zabibu nyingine? Ganda lake ni nene, huchelewa kuiva, ina ukali mwingi, na maji yake yakikamuliwa peke yake hayana harufu ya kusimulia. Karibu kila alichonacho mzabibu huo kimo kwenye ganda. Zabibu yenye manukato makali ukiiacha na maganda miezi mitatu inaweza kukuchosha pua kabla ya glasi ya pili.

Sasa, kwa nini mvinyo huu unadumu? Adui wa mvinyo wowote ni oksijeni. Ikiingia, hukutana na kampaundi za fenoli, yaani tanini, ile inayoleta ukakasi, na ndugu zake, na kwa msaada wa chembe za chuma na shaba zilizomo kwenye mvinyo, huanza mfululizo wa mabadiliko ambao mwisho wake ni rangi ya kahawia na asetaldehaidi, ile harufu ya tufaha lililokatwa likasahauliwa mezani. Mvinyo mweupe wa kawaida una fenoli chache. Zikiisha mvinyo hauna tena wa kuulinda, ndiyo maana hutiwa salfa, dawa ya kuuhifadhi. Mvinyo wa maganda una akiba kubwa. Oksijeni inayopenya taratibu kupitia pipa na kizibo inashughulikiwa na tanini, na mashapo ya hamira iliyokufa nayo hufyonza sehemu yake. Rangi inazidi kukolea, ukakasi unalainika, na ndani mvinyo bado mzima. Rangi kwa hiyo haikuambii kitu. Ningependa watu waache kuhukumu mvinyo huu kwa kuumulika kwenye taa.

Neno "asili" nalo linahitaji tahadhari. Kwa jumla lina maana ya zabibu zisizopigwa dawa za viwandani, hamira ileile iliyokuja na zabibu, hakuna kuchuja, na salfa kidogo sana au hakuna. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi miligramu 200 za salfaiti kwa lita kwenye mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu. Mkataba wa Ufaransa wa 2020 unaohusu mvinyo wa asili umeweka kikomo cha 30. Kwenye Ribolla yao, akina Radikon waliacha kabisa kuongeza salfa tangu mavuno ya 2002. Hata hivyo hamira yenyewe hutengeneza kidogo wakati wa kuchachuka, kwa hiyo usimwamini anayekuambia mvinyo fulani una salfaiti sifuri. Na kileo ni kilekile. Mtu akizidisha, kesho kichwa kitamuuma kwa huo wa asili kama kwa mwingine.

Hapo ndipo kabati linapoingia. Mvinyo usio na salfa unaishi kwa kutegemea utulivu: giza, nyuzi 12 hadi 15, usitikiswe. Kabati la Dar es Salaam ni nyuzi 30, na linapokuwa juu ya jiko ni zaidi. Joto linaharakisha kila badiliko nililolieleza hapo juu, na linaamsha vijidudu ambavyo baridi ilikuwa imevilaza. Kabla hujafungua, fanya uchunguzi. Angalia kwanza kizibo: kikiwa kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au pembeni pana mchirizi wenye kunata, ujue joto limefanya kazi yake. Kisha angalia mvinyo umefika wapi shingoni. Ukiwa umeshuka chini ya shingo, hewa imeingia nyingi. Shingo ya chupa yako ni nyembamba kuliko kawaida kwa makusudi. Radikon na mwenzake Edi Kante waliibuni chupa ya nusu lita na ya lita moja zenye kizibo chembamba ili hewa inayopenya isizidi kipimo kwa mvinyo uliomo. Mashapo yasikusumbue. Ni hamira, vipande vidogo vya ganda, na pengine fuwele zinazong'aa ambazo ni asidi ya zabibu iliyoganda. Havidhuru, vinachafua tu ladha ya glasi ya mwisho.

Isimamishe chupa siku nzima kabla ya kunywa, mashapo yatulie. Iweke kwenye friji saa moja na nusu hivi, si usiku kucha, maana ukiinywa ya baridi kama soda ukakasi unakuwa mkali na harufu inafungika. Unachotafuta ni nyuzi 14 hadi 16. Tumia kizibuo kwa upole, kizibo cha miaka mingi huvunjika. Mimina polepole kwenye jagi la kioo huku tochi yako ya simu ikimulika shingo kwa nyuma, hapo tochi ina kazi, na usimame mashapo yanapokaribia. Halafu subiri nusu saa.

Glasi ya kwanza huenda isikupendeze. Mara nyingi inanuka imefunga, kidogo kama kiberiti au kabati la zamani, na hiyo huondoka ikipata hewa. Kinachofuata, chupa ikiwa nzima, ni maganda ya chungwa yaliyokaushwa, asali isiyo na utamu, aprikoti kavu, majani makavu, lozi. Ukiwa umekulia pwani utaitambua harufu nyingine upesi kuliko Mzungu: uwatu. Kampaundi inayoupa uwatu harufu yake inaitwa sotoloni, na hujitokeza kwenye mvinyo mweupe unaozeeka huku ukipata hewa. Ikiwa nyuma ya hizo nyingine, ni uzee mzuri. Ikiwa imetawala glasi nzima na ukionja hakuna ukali wala tunda, mvinyo umekwenda zake.

Kasoro halisi ziko tatu ambazo ningekutaka uzipime kwa pua na ulimi. Siki: kidogo ya juujuu huvumilika kwenye mvinyo wa asili na hata huuchangamsha, lakini ikikujia harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, acha. Kizibo kibovu: harufu ya kadibodi iliyolowa, ambayo haiondoki hata ukingoja saa tatu; hili halihusiani na uasili wala maganda, linaweza kuupata mvinyo wowote wenye kizibo cha gome. Ya tatu ndiyo ya kijanja, wataalamu wanaiita panya. Huisikii kwenye glasi kabisa, kwa sababu asidi ya mvinyo inaizuia isipae. Unameza, mate yanapunguza asidi mdomoni, na baada ya sekunde kumi au ishirini inakuja nyuma ya koo: bisi zilizolala, au kizimba cha panya. Wapo watu wasioihisi hata kidogo, kwa hiyo usibishane na shemeji yako mkitofautiana. Hutokea zaidi kwenye mvinyo usio na salfa wenye asidi dhaifu, na mara nyingine inajitokeza siku ya pili baada ya kufungua. Hakuna cha kuitibu mezani. Haina madhara kiafya, ni karaha tu.

Mvinyo ukiwa mzima, usiunywe bila chakula. Ukakasi unataka mafuta na protini. Friuli wanakula na friko, jibini la Montasio linalokaangwa na viazi, na paja la nguruwe la San Daniele. Kwako, samaki wa kupaka ndio mwenzake, tui linaubembeleza ukakasi na moshi wa mkaa unakwenda sambamba na ile ladha ya lozi. Pilau yenye iliki na mdalasini nayo ni nzuri, na biriani ya kuku. Pilipili kali iache siku hiyo: kileo na tanini vinauchochea muwasho. Ukibakisha, rudishia kizibo uweke kwenye friji. Mvinyo wa maganda huvumilia siku tatu au nne wazi, wakati mweupe wa kawaida kesho yake tu umeshalala.

Kuhusu mjomba. Chenin Blanc inafaa, na ushahidi uko Afrika Kusini: Craig Hawkins wa Testalonga, huko Swartland, anatengeneza Chenin Blanc ya maganda tangu 2008. Tatizo la Dodoma ni joto na asidi. Zabibu ikiiva sana juani ukali wake unashuka, na maganda yenyewe hutoa potasiamu inayozidi kuudhoofisha, kwa hiyo unaishia na mvinyo laini ambao vijidudu wanaufurahia. Avune mapema kidogo, alfajiri, utamu ukiwa bado haujafika kileleni, na apime pH, kipimo cha ukali ambacho hupanda ukali ukishuka, ikizidi 3.5 asijaribu maganda ya muda mrefu. Kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI Makutupora kiko hukohuko Dodoma, akaulize hapo kabla ya kuvuna.

Aanze na ndoo moja ya plastiki ya chakula ya lita 20, asiijaze hadi juu maana itafura. Atoe vikonyo, aponde kwa mikono, afunike kwa kitambaa safi, na kila asubuhi, mchana na jioni ayazamishe maganda yanayoelea. Yakikauka juu ndipo siki inapoanzia. Kuanzia siku ya tatu aonje kila siku. Siku ya nne hadi ya saba, ukakasi ukianza kushika ufizi, akamue, ahamishie kwenye chombo cha kioo kilichojaa hadi shingoni, chenye mpira mwembamba unaotoa hewa kupitia maji. Mara ya kwanza asione haya kutumia salfa: kuchachuka kukiisha, gramu moja hivi ya metabisalfaiti ya potasiamu kwa kila lita 20 za mvinyo inampa takriban miligramu 30 kwa lita, karibu na kile kikomo cha Wafaransa. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, hivyo akikosea hangoji miezi kumi na miwili kurudia. Ila asiuweke miaka kumi kwa kuiga Oslavia. Wa siku nne za maganda, kwa joto la Hombolo, aunywe ndani ya mwaka.